Mstari wa Buluu wa Elementaita

Watu wa nyumbani Maragoli wameniuliza mara nyingi ilikuwaje mtu mzima, mwenye kazi ya kufundisha, akapanda gari la moshi mara mbili katika mwaka mmoja kwenda kuteka maji ambayo hata ng'ombe huyanusa kwanza. Wengine wamesema nimeharibiwa na vitabu. Sikatai moja kwa moja, lakini naomba nieleze safari yenyewe, kituo kwa kituo, kisha kila mtu aamue.

Mimi ni mhadhiri msaidizi wa kemia katika chuo kimoja cha Kampala. Neno lenye uzito hapo ni hilo la "msaidizi". Nilianza kwa kuosha vyombo vya maabara wakati wa likizo nikiwa mwanafunzi, nikapata shahada, nikapewa koti jeupe na darasa la mwaka wa kwanza. Katika chumba cha chini cha maabara yetu kuna mashine iitwayo spektrografu. Unatia unga wa kitu unachotaka kukijua kwenye ncha ya kijiti cha makaa, unauchoma kwa umeme mkali, na mwanga wake hupita katika jiwe la kioo na kutawanyika kama upinde wa mvua. Kila metali iliyomo huacha mistari yake kwenye bamba la picha, mahali pake palepale siku zote. Sodiamu ina mistari yake na kalsiamu ina yake, kama ng'ombe wa maboma mawili waliotiwa chapa tofauti. Nilipoiona kazi hiyo mara ya kwanza sikula chakula cha mchana, na tangu siku ile sijataka kufanya kazi nyingine.

Mwezi wa kwanza nilikuwa nimekwenda Bonde la Ufa na chupa sita za kahawia. Tatu nilizijaza kando ya ziwa la Nakuru. Nikalala siku mbili kwa mwenyeji wangu Elementaita, ndipo nikajaza tatu zilizobaki kwenye chemchemi za moto za huko. Chuoni niliyachemsha maji yale hadi yakakauka, nikachoma unga uliobaki. Chupa za Nakuru zilinipa nilichotarajia. Zile za Elementaita zilinipa mstari mmoja zaidi, mahali pa mwanga wa buluu. Ulikuwa mstari wa strontiamu.

Profesa wangu, Mwingereza mrefu asiyependa kuzungumza kabla ya chai, aliliangalia bamba kwa kioo cha kukuzia. Alisema katika maji yenye magadi mengi namna ile, metali hiyo ilipaswa kuwa imekwisha kutuama chini zamani. Kama ilikuwamo kweli, basi chini ya Elementaita kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyeliandika. Mimi nikaandika kurasa nane na kuchora ramani. Niliandika pia kwamba maji hayo yalikuwa na harufu kidogo ya moshi na mashapo ya kijivu, nikaeleza kuwa hiyo ni tabia ya chemchemi za moto. Nilieleza kwa kujiamini sana.

Kwenye meza ya profesa kulikuwa na fomu ya masomo ya miaka miwili Uingereza. Mtu akirudi kutoka huko, lile neno "msaidizi" hufutwa mlangoni. Nafasi ilikuwa moja, na tulioitaka tulikuwa wawili.

"Nenda ukachukue maji mengine," profesa aliniambia. "Mstari ukirudi, natia sahihi kwenye makala na kwenye fomu. Fomu inaondoka mwisho wa mwezi."

Alhamisi alasiri niliondoka Kampala katika gari la daraja la pili, chupa sita tupu zikiwa ndani ya sanduku lenye majani makavu. Nilikuwa na furaha ya mtu anayekwenda kuchukua kilicho chake. Kesho yake, tulipopita Timboroa, baridi iliingia hadi ndani ya viatu, kisha bonde likafunguka upande wa kulia na jua likatupokea. Nilikaa dirishani nikijiuliza mambo. Je, strontiamu ile ilitoka kwenye majivu ya volkano? Na kama ilikuwa Elementaita, kwa nini isiwe Nakuru, wakati maziwa hayo mawili ni majirani? Msafiri mwenzangu, mfanyabiashara wa nafaka, aliniuliza kama ninaumwa. Kumbe nilikuwa nikisema peke yangu.

Nakuru tulifika Ijumaa saa nane mchana. Hii ni miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali, na kituoni askari walikuwa wanafungua mizigo ya kila Mwafrika. Aliyefungua sanduku langu alitoa chupa moja, akaigeuza, akainusa.

"Hii ni nini?"

"Chupa tupu, bwana."

"Mtu anatoka Kampala na chupa tupu?"

"Nakwenda kuchukua maji nayo."

Alimwita mwenzake aje anisikilize. Nikarudia. Mwenzake akasoma barua ya chuo, ikiwa na muhuri, mara mbili.

"Kampala hakuna maji?" akauliza.

"Ipo. Lakini nataka ya Elementaita."

"Ile ya chumvi?"

"Hiyo hiyo."

Walitazamana, wakanirudishia sanduku kwa upole, kama watu wanaomrudishia mgonjwa kofia yake. Nje ya kituo upepo ulikuwa ukitoka ziwani. Mwaka huu ziwa limekauka kingo zake, na vumbi la magadi lilipanda mjini likakaa juu ya mabati, juu ya malori ya pareto na juu ya nguo zilizoanikwa. Hata chai niliyokunywa hotelini ilikuwa na ladha yake. Mwenye hoteli alisema wateja wamezoea, sasa wakienda kwingine wanaona chai haina kitu.

Jumamosi asubuhi nilipanda gari la moshi la kwenda Nairobi, nikashuka kituo cha Elementaita. Kutoka hapo hadi chemchemi ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Ardhi yote ya upande ule ilikuwa shamba la ng'ombe wa maziwa la mzungu mmoja, na bila barua yake mtu hapiti langoni. Karani wa shamba, kijana nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni, alinikumbuka. Aliandika jina langu katika kitabu na karibu nalo akaandika "maji", basi.

Mwenyeji wangu alikuwa Mzee arap Tonui, Mkipsigis aliyesimamia ng'ombe wa shamba hilo. Mara ya kwanza nilitumwa kwake na karani kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kulala, na tukapatana. Mkewe, Mama Kiprono, ni mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini ambaye haketi kabla mgeni hajala. Alinipokea sanduku mikononi kabla sijasema kitu.

"Umerudi, mwalimu. Ile maji ya kwanza iliisha?"

"Haikuisha, Mama. Ilikuwa nzuri mno. Wakubwa wangu wanataka ingine."

"Na ile safari ya Ulaya uliniambia?"

"Maji haya ndiyo yatanipeleka."

Alifurahi kweli. Akapeleka sanduku ndani, mimi na mzee tukaenda kuangalia chemchemi kabla jua halijawa kali. Heroe walikuwa wametanda kwenye kina kifupi, wakila vichwa chini. Mvuke ulitoka kwenye nyufa za mawe, na maji yalikuwa ya moto kiasi kwamba mzee alitia yai la kanga ndani ya kitambaa, tukalila limeiva nusu. Nilipima joto, nikachora mahali pa kila chemchemi. Mzee aliniuliza kama maji yana metali, kwa nini hayana rangi ya chuma. Nikamweleza habari ya chumvi ndani ya chai, akaielewa haraka kuliko wanafunzi wangu wengi.

Saa saba mchana tulirudi nyumbani. Mama Kiprono alitumiminia mursik, yale maziwa yao ya kugandishwa, kutoka kwenye kibuyu kirefu. Yalikuwa na rangi ya kijivu hafifu na harufu tamu ya moshi. Nilikuwa nimeyanywa mara ya kwanza pia, nikayapenda, na sikuuliza kitu. Mtu mwenye shahada ya kemia alikunywa maziwa ya kijivu na hakuuliza yamekuwaje kijivu. Naliandika hili kwa aibu.

"Sasa hiyo maji ukifika nayo," Mama Kiprono akaniuliza, "unajua namna gani iko na nini ndani? Unaonja?"

"Hatuonji, Mama. Tunaikausha, halafu ule unga tunauchoma."

"Mnachoma na kuni?"

"Na umeme. Unga tunautia kwenye kijiti cha makaa."

Alicheka, akajifunika mdomo kwa mkono.

"Makaa! Basi hata nyinyi watu wa shule mnatumia makaa. Nikadhani ile yangu ilikuwa mambo ya kishamba."

"Ile yako ipi?"

"Ile nilitia kwa chupa zako."

Niliweka kikombe chini. Alisimama akaniletea kijiti kilichoungua upande mmoja, kimekatwa kutoka mti wanaouita senetwet. Akanionyesha kwenye kibuyu kitupu. Unaunguza ncha hadi iwe kaa jekundu, unaitia ndani ya chombo, unasugua kila upande hadi unga mweusi ushike, unakung'uta. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mama yake. Chombo kisichopitiwa na kijiti hicho si safi, na mwanamke anayemfungia mgeni kitu ndani ya chombo kisicho safi hawezi kusema tena mbele ya wenzake.

"Mara ya kwanza ulisema chupa ziwe safi kuliko kitu yote," akaendelea. "Ulisema hivyo, hapo ulipoketi. Tatu zilikuwa na maji tayari, sikuzigusa. Zile tatu zilikuwa tupu nikazisafisha vizuri. Nikasuuza kidogo, ndiyo maji yako isikuwe nyeusi. Na leo nimeshasafisha tatu. Zingine nitamaliza jioni."

Nilikumbuka maneno yangu. Kweli nilisema hivyo, nikiwa nimekunja nne, kwa sauti ile ninayoitumia darasani.

Wasiojua kemia waniruhusu neno moja. Mti hunyonya metali nyingi kutoka udongoni, na ukiungua, metali hizo hubaki katika makaa na majivu. Strontiamu ni mojawapo. Chupa za kahawia hazionyeshi kilichoshika ndani. Harufu ya moshi, mashapo ya kijivu, mstari uliotokea katika chupa tatu na kukosekana katika tatu nyingine: vyote vilikuwa mbele yangu, nami nikavichorea ramani. Jambo ambalo hakuna aliyeliandika halikuwa chini ya ziwa. Lilikuwa mkononi mwa mama yule.

Niliogopa. Nikasema nakwenda kunyoosha miguu.

Nilitembea hadi kwenye ua wa ng'ombe na kurudi, mara tatu. Sitawaficha nilichokiwaza. Chupa tatu zilikuwa zimekwisha kusafishwa. Ningezijaza asubuhi, nikaziosha zile nyingine na kuziacha, nikarudi Kampala kimya. Mstari ungerudi, kama profesa alivyotaka. Angetia sahihi. Hakuna mtu Uingereza ambaye angekuja Elementaita kumuuliza Mama Kiprono anaosha vipi vyombo. Ningekuwa London kabla ya Krismasi. Wazo hilo lilikuwa tamu, na nilikaa nalo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Kilichonitoa hapo hakikuwa wema mkubwa. Ilikuwa ni kutaka kujua. Nilikuwa bado sina hakika kwamba ni makaa. Labda strontiamu ilikuwamo kweli katika maji, na makaa hayakuhusika. Nilijiona nikiwa Uingereza, nimevaa koti zito, sijui. Nikaona sitaweza kuishi hivyo, kama vile siwezi kulala nikisikia bomba likidondosha maji na sijajua ni lipi.

Nilirudi nikamwomba Mama Kiprono asizisafishe zile tatu zilizobaki.

"Zitakuwa chafu," akasema.

"Ziache hivyo hivyo, Mama. Nataka kuona tofauti."

Aliniangalia sana. "Nimekuharibia kitu, mwalimu?"

"Hapana."

"Ulaya je?"

"Hapana, Mama. Umenisaidia." Nilidhani ninasema uongo.

Jumapili asubuhi, watu wa shamba wakielekea kanisani, mimi na Mzee arap Tonui tulikwenda kwenye chemchemi ile ile, tukajaza chupa zote sita mahali pamoja, moja baada ya nyingine. Zile zilizopita mkononi mwa mkewe nilizifunga uzi mwekundu shingoni. Nikachukua na kijiti cha senetwet na makaa kidogo ndani ya karatasi. Mzee aliuliza kama na hayo pia ni ya kupeleka chuoni. Nikamwambia ndiyo, hayo ndiyo makubwa kuliko yote.

Jumatatu nilipanda gari la moshi la kurudi. Nakuru askari walikuwa wale wale. "Umepata?" aliuliza yule wa kwanza, akatikisa chupa moja sikioni mwake kama mtu anayepima yai. Mlima ulipoanza, baada ya Nakuru, niliyaweka magoti yangu pande zote mbili za sanduku lisigongwe. Safari ya kwenda nilikuwa nikitafuta strontiamu katika kila mwamba. Sasa nilikuwa naangalia akina mama kwenye vituo, kila mmoja na mtungi wake, kibuyu chake, birika lake, nikijiuliza kila kimoja kimeoshwa na nini. Sikuwahi kuliona swali hilo maishani mwangu, na lilikuwa kila mahali.

Ijumaa alfajiri bamba la picha lilikuwa limekauka. Chupa zenye uzi mwekundu: mstari wa buluu. Zisizo na uzi: hakuna kitu. Makaa ya senetwet peke yake: mstari ule ule, mzito, umenyooka kama msumari. Nilijiambia nimefurahi, kwa sababu sasa nilijua. Na nilikuwa nimefurahi. Lakini machozi yalinilengalenga pia, na niliyafuta kwa koti kabla sijapanda ngazi.

Profesa alikuwa bado hajanywa chai. Nilimwekea bamba dirishani, nikamweleza habari ya kibuyu tangu mwanzo.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Mama aliyeziosha. Lakini yeye hajui maana yake."

"Kwa hiyo ungeweza kuninyamazia."

"Ndiyo, bwana."

Alichukua kurasa zangu nane akazirudisha kwangu. Kisha akaifungua droo, akatoa fomu, akaishika kidogo. Alisema hawezi kupeleka jina langu bila makala, sheria ya masomo hayo inataka makala, naye anasikitika. Niliona kwamba anasikitika kweli. Fomu iliondoka na jina la mwenzangu, anayepima unga wa muhogo, kijana mzuri na mwangalifu. Nilimsindikiza kituoni. Mlango wangu bado unasema "msaidizi".

Wiki iliyofuata profesa alinitaka nisome mbele ya wahadhiri ukurasa mmoja wa kueleza kosa langu. Baadhi walicheka nilipofika kwenye maziwa ya kijivu, nami nikacheka. Sentensi moja niliipigania. Profesa alitaka iandikwe kwamba chupa "zilichafuliwa na mwenyeji". Nilikataa. Tukaandika hivi: chupa tatu zilisafishwa na Mama Kiprono wa Elementaita kwa makaa ya senetwet, kwa namna inayotakiwa na desturi ya watu wake, mtafiti hakuuliza. Siku hizi mwanafunzi akiniletea sampuli, jambo la kwanza ninalotaka kujua ni nani ameosha chombo na ameosha na nini. Wananiita Bwana Nani-Kaosha, wanadhani sijui.

Ukurasa ule niliutuma Elementaita kwa karani wa shamba, amsomee mama kwa lugha yake. Sikutaka ajue kwamba nimeikosa Ulaya, lakini sikutaka jina lake liandikwe bila yeye kusikia. Karani alikuwa mwerevu, akaunganisha mwenyewe. Jibu lilikuja baada ya mwezi, kwa mwandiko wake wa kalamu mbili, herufi za mwanzo kwa wino mwekundu:

"Mama alisema yeye ndiye amekuharibia Ulaya. Mzee amemwambia si kosa, hata wewe umeandika hivyo. Sasa Mama anasema uje tena, ile maji bado iko. Chupa zako utaosha wewe mwenyewe, yeye hatashika. Lakini kibuyu ya maziwa yako ataosha yeye."

Nimeomba likizo ya Agosti.